Hatupeani Mkono Uwanjani

Ukikutana na Mwalimu wa plani kwenye barabara ya Kasenga, hapa Uvira, ujue safari yako imeharibika. Anakushika mkono na hakuachii. Atakuuliza habari ya nyumbani, habari ya mama, habari ya mbuzi wa jirani, na wakati wote huo mkono wako umo ndani ya wake, umeloa jasho, nawe unahama mguu huu na huu kama mtu aliyebanwa na haja. Mimi sikuzaliwa na subira. Mara nyingi nilivuka upande wa pili nikijifanya natazama ziwa.

Lakini mtu huyohuyo, akishaingia kwenye uwanja wa soko, ule unaoteremka kutoka barabara kubwa mpaka ufukoni, anaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo na haitoi. Ukimnyooshea wako, anakuinamia kichwa tu. Hata mkuu wa mji alinyoosha mkono siku moja, mbele ya watu, ukabaki unaning'inia hewani. Mwalimu akamwambia kwa adabu zote, "Unisamehe, Bwana mukubwa. Mu uwanja hatupeane mukono." Mkuu wa mji akacheka, akatutazama ili tucheke naye, akaona hakuna anayecheka. Akaurudisha mkono wake mfukoni.

Hiyo ilikuwa baada ya maasi. Kabla ya maasi, mikono ya Mwalimu ilikuwa kila mahali.

Sisi tulikuwa wanafunzi wake. Wabelgiji walipoondoka baada ya uhuru, mji ulibaki bila mtu wa kuchora hata mfereji. Yeye alikuwa amechora miaka mingi katika ofisi yao ya viwanja, basi akafungua masomo ya kupanga mji ndani ya depo, ghala tupu la pamba lililopakana na uwanja. Tulikuwa vijana wachache na msichana mmoja. Msichana ndiye mimi, na aliyefikiri nimekuja kupika chai aliipika mwenyewe.

Depo ile ilikuwa na nyuzi za pamba mpaka kwenye paa. Upepo wa ziwa ukiingia, zilitushukia mabegani, na Mwalimu akipita nyuma ya viti alikuwa anatupangusa mmoja mmoja kwa ncha za vidole, bila kukatiza maneno. Anaeleza mfereji, anapangusa. Anagomba, anapangusa. Nilimchukia kwa hilo, sikupenda kupanguswa kama meza. Siku moja nikamwambia, "Mwalimu, mabega yangu nitapangusa minye mwenyewe!" Darasa zima likapiga kelele. Yeye alicheka mpaka akavua miwani, na kesho yake akanipangusa tena.

Kwa somo la kwanza alitupeleka uwanjani bila karatasi. "Muikale chini. Muangalie miguu." Miguu ya nani, tukauliza. "Ya kila muntu." Tukakaa kwenye jua kama samaki wa kuanikwa. Wabelgiji walikuwa wametengeneza pale njia mbili zilizonyooka, zikipishana kwenye duara la maua, na mtu alipaswa kulizunguka duara hilo hata kama amebeba mzigo. Siku chache baada ya uhuru, maua yalikuwa yamekwisha kukanyagwa. Akina mama wauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, walikata moja kwa moja na mabeseni kichwani. Mwalimu alifurahi kama baba anayeoza binti. "Munaona? Uhuru wameuandika na miguu!"

Rula hakuitaka. Ukichora njia kwa rula anakuuliza, "Rula yako ilishaenda soko?" Ukisema hapana: "Basi iache ilale." Alitukataza pia kumuuliza mtu kwa nini anapita anapopita, kwa sababu ukimuuliza atakutungia sababu, na wewe utaichora ile sababu. Uangalie tu, na usimame kando ili usimharibie njia yake. Hayo ndiyo yalikuwa masomo yote, ukitoa hesabu.

Na huyo bingwa wa kupanga, nyumba yake mwenyewe, Mungu anisamehe, ilikuwa aibu. Mlango ulifungukia choo cha jirani, na bugali yake aliila akiwa amelipa kisogo ziwa. Tulipomcheka alisema kazini anapanga, nyumbani anapumzika.

Mambo ya dawa za kujikinga hakutaka hata kuyasikia. Alikuwa mtu wa kanisa, wa kuimba besi, na mwanafunzi mmoja alipokuja na uzi mweusi mkononi alimwambia mbele yetu sote kwamba ni uongo: "Bongo! Kama uzi inalinda muntu, basi fundi wa nguo hangekufaka." Yule kijana aliukata uzi palepale kwa wembe wa kuchongea kalamu.

Alikuwa na mtoto mmoja tu. Mama wa mtoto alikuwa amekufa zamani, wakabaki wawili. Kijana alisoma nasi, na kwa kuchora vibaya alituzidi wote. Nyumba zake zote ziliegemea upande mmoja. Alikuwa na mabega mapana, na alikuwa mwepesi wa kucheka: wengine wakicheka naye anacheka, ndipo anauliza ni nini. Baba yake alimpangusa kuliko sisi. Kijana hakugomba kama mimi. Aliinamisha bega kidogo ili mzee afike.

Halafu maasi yakatufikia. Vijana walishuka kutoka milimani, wengine wakajiunga kutoka mitaa yetu wenyewe, wakafanya kambi karibu na ufuko. Kila asubuhi bibi mmoja aliwanyunyizia maji ya dawa pale ziwani ili risasi zigeuke maji, kisha walipanda kwa mstari mmoja, wakivuka uwanja, mpaka kwenye malori yaliyowangoja barabarani. Dawa ilikuwa na masharti. Aliyenyunyiziwa hageuki nyuma. Haangalii kando. Na zaidi ya yote haguswi na mtu ambaye hakunyunyiziwa, hata awe mama yake, hata kwa nguo. Akiguswa, dawa inatoka na risasi inamwona. Basi wakipita na ule wimbo wao wa maji, wa sauti ya chini, "Mai, mai, mai", soko lote lilipasuka katikati. Akina mama walivuta mabeseni, walivuta watoto, walivuta hata pindo za vikwembe vyao. Hakuna aliyetaka kuwa yule aliyemgusa mtoto wa mtu.

Kijana wa Mwalimu aliingia. Usiniulize kwa nini. Wengi waliingia, na mimi kama ningekuwa mvulana sijui kama ningebaki. Asubuhi waliyopelekwa kupigana bondeni, upande wa Mutarule, nilikuwa uwanjani na mama yangu. Mwalimu alikuwa amesimama upande wa pili wa njia, mbele kabisa ya watu. Nilimwona kijana akimkaribia, macho mbele, karibu kiasi cha mmoja kusikia pumzi ya mwingine. Kisha wenzake wa mstari wakanizibia, sikuona tena. Mstari ulipokwisha kupita, Mwalimu alikuwa bado palepale, mikono nyuma.

Malori yalirudi na watu wachache, naye hakuwemo. Hakuna aliyesema amemwona ameanguka, na hakuna aliyesema amemwona amesimama. Watu walikwenda kwa Mwalimu na pole iliyochanganyika na sifa: mzee ana moyo huyu, mtoto wake wa pekee anapita mbele ya pua yake na hakumshika, hakumharibia dawa. Alikuwa anawaitikia tu. Kila mtu alijua anachotaka: aje mtu mmoja, yeyote, amwambie mtoto wake yuko wapi. Hakuja mtu.

Baadaye jeshi likarudi, wale vijana wakatawanyika, wengine juu milimani Bijombo, wengine ng'ambo ya ziwa, na sisi tukatoka tulikojificha. Masomo yakaanza tena. Pamba nayo ikaanza tena kutushukia, lakini hakuna aliyetupangusa. Nilikuwa natoka darasani na mabega meupe kama niliyeangukiwa na unga. Roho iliniuma, mimi niliyekuwa nagomba.

Kulikuwa na kitu kingine. Asubuhi, katikati ya somo, Mwalimu alikuwa ananyamaza. Si kwamba amesahau. Alisogea pembeni ya mlango unaotazama uwanja, akabandika mgongo ukutani na kungoja, kama watu wanavyongoja mazishi yapite. Kisha aliendelea kutoka neno lilelile alilokuwa ameliacha. Mara za kwanza tulitazamana. Baadaye tukawa tunanyamaza hata kabla yake, sijui tulijuaje kwamba saa imefika. Akaja mwanafunzi mgeni kutoka bondeni, hakuwahi kuishi Uvira, akacheka na kuuliza tunamngoja nani. Kesho yake, wakati wa kimya, nilimwona akiuvuta mguu wake uliokuwa umetokeza kwenye njia kati ya viti. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Ndipo ofisi ya mji ikataka uwanja utengenezwe upya, na Mwalimu akaufanya kuwa mtihani wetu.

Nilikaa asubuhi nyingi kwenye ngazi ya duka la chumvi, nikichora miguu kama tulivyofundishwa, mstari mmoja kwa kila anayepita. Karatasi ikajaa mpaka ikawa nyeusi, isipokuwa mahali pamoja. Kutoka ufukoni hadi barabarani ulibaki ukanda mweupe, upana wa mtu na mabega yake. Watu walitembea sambamba nao. Aliyetaka kuuvuka alisimama kwanza, akaangalia upande wa ziwa kama anayevuka barabara yenye magari, kisha akavuka haraka. Nikasema labda kuna tope. Nikashuka kuangalia: udongo mkavu, mzuri, kuliko kwingine kote. Watoto waliokuwa bado mgongoni wakati wa maasi walikuwa wanacheza mpira wa matambara. Mpira ukaviringika mpaka kwenye ule ukanda, na wote wakasimama. Wakangoja. Halafu mmoja akaingia, akauchukua, na mchezo ukaendelea. Mwili ulinisisimka, nikakasirika kwamba umenisisimka.

Upuuzi, nikajiambia. Mahali patupu katikati ya soko lililobanana ni bahati, si kitu cha kuogopa. Nikachora hapo mabanda ya kuuzia, yenye paa, kutoka chini hadi juu. Mwalimu aliiangalia plani yangu muda mrefu, mikono nyuma, mimi nikimfunulia karatasi.

"Umeona muzuri," akasema. "Uliuliza nani anapitaka hapo?"

Yeye aliyetukataza kuuliza! Nikamjibu, "Hakuna anapitaka, Mwalimu. Ndiyo maana nimejenga."

"Basi wajenge," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. Ofisi ikajenga kama nilivyochora.

Mabanda yalisimama matupu. Akina mama walipanga ndagala kwenye jua, pembeni, na paa jipya likafunika hewa. Nikamwendea mama mmoja aliyetuuzia ndagala nyumbani tangu utoto wangu. Nilikuwa na hasira tayari.

"Mama, kivuli iko pale. Juu ya nini unaungua na jua?"

"Pale hapana, mutoto wangu."

"Kuna nini?"

"Hakuna kintu." Akafukuza nzi. "Ni watoto wanapita."

"Watoto gani?"

"Aa, weye nawe! Si wale. Unataka minye niwaguse?" Alisema hivyo kama anavyotaja bei, akamgeukia mteja mwingine.

Mwishowe ofisi ilichoka. Mabanda yakang'olewa, yakapangwa kando zote mbili, na katikati pakabaki wazi. Nikachora plani upya, safari hii nikifuata miguu. Wageni wakija huisifu ile njia: safi, imenyooka, hewa ya ziwa inapanda mpaka barabarani. Nawaitikia, nawaambia ahsante. Mwalimu peke yake hakuisifu. Aliiangalia plani mpya, akasema, "Kumbe haizibike," akaenda nyumbani kabla ya somo kwisha.

Miaka ikapita. Nilifanya kazi miji mingine, nikaolewa, nikazaa, nikarudi Uvira nimenenepa na ulimi wangu uleule. Watu waliniambia Mwalimu amezeeka, hafundishi tena, lakini kila asubuhi yuko uwanjani. Nikaenda. Nilimkuta upande uleule aliosimama siku ile, mbele kabisa, ukingoni mwa ile njia. Alikuwa amekonda, koti limekuwa kubwa. Mikono nyuma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Binti. Simama kando kidogo." Hakugeuka, wala hakuuliza mimi ni nani. Nikasimama kando, mwanamke mzima na watoto wake.

Tulikaa hivyo. Nyuma yetu yule mama wa ndagala, naye sasa mzee, alikuwa anapanga mafungu yake. Kisha Mwalimu akasema, kama anayeendelea na mazungumzo tuliyoyaacha jana, "Watu wanasema sikumugusa."

Nilijua anamsema nani.

"Nilimugusa, Binti. Alikuwa na pamba hapa." Alionyesha bega lake kwa kidevu. "Alilala mu depo, pamba ikamubakia ku bega. Mukono yangu ikajiendea yenyewe. Kidogo tu, sawa vile nilikuwa napangusa ninyi. Na alisikia. Hakugeuka, juu hawageukaka. Lakini bega ilishtuka."

Miaka yote hiyo watu walikuwa wanamsifu kwa kitu ambacho hakukifanya, naye anaitikia.

"Mwalimu, dawa ni bongo. Weye ndiye ulitufundisha."

"Nilifundisha, na ningali nafundisha kama muntu akiniuliza. Ndiyo maana nilitaka mabanda yako. Niliwaza, wakiuza pale, wakikanyaga pale, itakuwa udongo tu." "Sasa uniambie, weye mwenye kusoma. Kama ni bongo, mbona wengine walirudi ku mama zao, na yeye hapana?"

"Ilikuwa vita! Wengi hawakuguswa na muntu, na walikufa. Alikufa juu ya risasi, si juu ya mukono yako."

"Nani alikwambia alikufa?"

Soko likaanza kunyamaza. Lilinyamaza kutoka chini, upande wa ziwa, likija juu. Mama wa ndagala akavuta beseni lake. Msichana mmoja akaukusanya upindo wa kikwembe chake. Mwalimu akarudi nyuma hatua moja, na mimi pia, na nilipojiangalia mikono yangu yote miwili ilikuwa mgongoni. Hakukuwa na kitu pale. Naapa, udongo mtupu na jua. Lakini nilikuwa nimebana pumzi, na macho ya Mwalimu yalikuwa yanapanda polepole kutoka ufukoni, yakifuata, yakisimama kidogo, yakifuata tena.

"Huyu," akasema kwa sauti ndogo. "Wa nyuma kabisa."

"Mwalimu, twende nyumbani."

"Weye haukumugusa. Mupe mukono. Vita imeisha, haitamufanya kintu. Minye naogopa atashtuka tena." Alikuwa analia bila kujificha, kama mtoto. "Umusalimie tu, Binti. Anapita."

Mimi mwenye maneno mengi, mwenye kubishana na wakuu wa ofisi mpaka wakimbie, sikubishana naye. Nikautoa mkono wangu mgongoni, nikaunyoosha juu ya ule ukanda mweupe niliouchora mwenyewe, nikauacha pale. Mama wa ndagala alifumba macho. Sijui niliuacha muda gani.

"Mukono yake iko baridi ao iko moto?" Mwalimu akauliza.

"Iko moto, Mwalimu."

Soko likaanza tena kusema, kutoka chini kuja juu. Nikaurudisha mkono. Hapo, katikati ya uwanja, mbele ya watu wote, Mwalimu akaileta mikono yake mbele, akaushika ule wangu kwa yote miwili. Ilikuwa baridi kama samaki wa asubuhi. Aliushika, akaugeuza, akaubana, na nikaona uso wake unabadilika.

"Ni kweli," akasema. "Iko moto."

Hakuniachia. Safari hii sikuuvuta.